Rimu mpya kwenye gari la zamani: pima ofseti kabla ya kufika Kirinyaga Road

Muuzaji wa rimu Kirinyaga Road, Nairobi, atakuuliza swali moja: ni za gari gani? Ukimjibu Corolla 110, atavuta seti yenye matundu manne na kukuhakikishia kwamba zinaingia. Atakuwa anasema kweli. Stadi, zile bolti za gurudumu, zitapita kwenye matundu, nati zitakaza, gari litashushwa jeki na utaondoka. Kesho yake umebeba watu wanne, unavuka tuta la mtaani na kusikia tairi likikwaruza fenda. Au husikii chochote, kwa sababu tairi linasugua shokabsoba kwa ndani, mahali ambapo hakuna anayechungulia, hadi ubavu wake unalika na kupasuka ukiwa kwenye kasi Thika Road.

Kabla ya kuulizwa ni za gari gani, uwe tayari unajua kila kona ya gari lako ina nafasi ya milimita ngapi ndani na ngapi nje. Ukiwa na namba hizo kwenye karatasi, ununuzi wa rimu ni kazi ya nusu saa. Usipokuwa nazo, unanunua rangi na mng'aro tu.

Mfano wangu ni Corolla 110 kwa sababu bado zimejaa Nairobi na hesabu yake ni rahisi kufuata. Njia ni ile ile kwa Nissan Sunny B14, Impreza za mwanzo au Corolla DX ambayo mzee wako ameihifadhi.

Ofseti inapima nini

Chora mstari katikati ya upana wa rimu, kana kwamba unaipasua vipande viwili vinavyolingana. Sasa tafuta uso wa nyuma unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa. Umbali kati ya mstari ule na uso huu, kwa milimita, ndio ofseti. Kwenye rimu huandikwa ET ikifuatwa na namba, au alama ya kujumlisha na namba, kwa mfano 15x6.5 +38: kipenyo inchi 15, upana inchi 6.5, ofseti 38.

Uso wa habu ukiwa upande wa barabarani kutoka kwenye mstari, ofseti ni chanya, na magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele karibu yote yako hapo. Ukiwa katikati kabisa, ni sifuri. Ukiwa upande wa ndani ya gari, ni hasi, kama rimu nyingi pana zinazofungwa kwenye pikapu za kwenda porini. La kushika ni hili: ET kubwa huvuta gurudumu ndani ya gari, ET ndogo hulisukuma nje.

Watu wengi husahau upana. Rimu mbili zote ni ET 38, moja inchi 6 na nyingine inchi 7. Hazikai sawa hata kidogo. Ile ya inchi 7 imeongeza milimita 12.7 kila upande, ndani na nje. Ndiyo maana ushauri wa aina ya "tafuta ET 38, itakaa" haufai kitu usipotajiwa upana pamoja nayo.

Na si suala la kukwaruza tu. Watengenezaji walipanga katikati ya gurudumu ipite karibu na mhimili ambao gurudumu huzungukia unapokata usukani. Ukiisogeza nje sana, usukani unakuwa mzito, unavutwa na kila shimo na kila mfereji ulioachwa na malori kwenye lami, na beringi ya habu inabebeshwa mzigo kwa pembe ambayo haikutengenezewa. Beringi ya gari la miaka 25 tayari imefanya kazi ya kutosha. Mimi hubaki ndani ya milimita 10 kutoka ET ya kiwandani, na 15 ndio mwisho. Anayetaka zaidi ya hapo anataka gari la maonyesho, na huo si mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: hali ya gari

Inua mbele kwa jeki, weka stendi za kubebea gari (jeki peke yake isikubebee gari ukiwa chini), kisha shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi au bol jointi imekwisha. Shika kushoto na kulia ulitikise tena. Likicheza, angalia tairodi. Rekebisha haya kwanza. Kupima nafasi kwenye gari lenye bushi zilizokwisha ni kupima kitu kitakachohama.

Angalia springi. Springi za zamani hulegea, na mara nyingi upande wa dereva hushuka zaidi kwa sababu gari limeishi miaka mingi likiwa na mtu mmoja ndani. Nairobi kuna jambo jingine: magari mengi yameinuliwa kwa spesa za juu ya springi ili yapite kwenye mashimo na matuta. Ukinunua gari lililotumika, chungulia. Gari lililoinuliwa lina nafasi kubwa juu ya tairi, lakini magurudumu ya mbele huwa yamebadilika pembe. Ukija kuziondoa spesa hizo baadaye, vipimo vyote ulivyochukua vimekufa.

Kisha fenda. Gari la zamani la jijini lisilowahi kugongwa ni nadra. Fenda ya kushoto inaweza kuwa imenyooshwa na fundi wa bodi na ikatofautiana na ya kulia kwa milimita kadhaa, wala jicho halioni. Kwa hiyo pima kona zote nne, na kona yenye nafasi ndogo zaidi ndiyo inayoamua kwa ajili ya zote.

Hatua ya pili: soma rimu uliyo nayo

Toa gurudumu moja la mbele na moja la nyuma. Nyuma ya rimu utakuta upana, kipenyo na ET zimechongwa. Safisha vumbi la breki kwa brashi ya waya na maji ya sabuni. Rimu za chuma wakati mwingine hazina ET, au kutu imeila. Hapo utaipima mwenyewe kwa njia nitakayoeleza kwenye sehemu ya sokoni. Hakikisha pia kwamba hizo ni rimu za gari hilo. Gari lililopita mikono mitano linaweza kuwa na za gari jingine kabisa.

Andika: upana wa rimu, ET, saizi ya tairi. Tuseme umepata 14x5.5, ET 45, na tairi 175/65R14.

Hatua ya tatu: pima nafasi

Egesha mahali tambarare. Sakafu ya petroli steshoni, saa ambazo hakuna foleni, inafaa kuliko uwanja wa ploti. Tairi ziwe na upepo sahihi, magurudumu yanyooke, na gari liwe limesukumwa mbele na nyuma kidogo ili springi zikae baada ya kushuka kwenye jeki. Watu huruka hili la mwisho na kupata vipimo vya uongo, kwa sababu gari likitoka kwenye jeki magurudumu hubaki yamebana kwa ndani hadi yabingirike.

Nje: funga nati kwenye uzi, iwe timazi. Shikilia uzi kwenye ukingo wa fenda, juu ya katikati ya gurudumu, uuache uning'inie. Pima kwa rula ya chuma kutoka kwenye uzi hadi pale ubavu wa tairi umetokeza zaidi. Tuseme umepata milimita 27.

Ndani: ingiza vidole nyuma ya tairi, tafuta mahali ambapo tairi limekaribiana zaidi na shokabsoba au na kikombe kinachobeba springi. Nafasi hiyo ni finyu kwa rula, kwa hiyo tumia vijiti au funguo za alen za unene tofauti, hadi moja ipite kwa kugusa tu. Tuseme milimita 20.

Kisha kata usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, na kila mara angalia tairi limebakisha nafasi gani mbele kwenye plastiki ya ndani ya bampa, nyuma kwenye bodi, na kwa ndani kwenye paipu ya breki. Paipu ya mpira ya breki ikiguswa na tairi hailalamiki siku ya kwanza. Inalika. Hapa usikisie.

Hatua ya nne: hesabu

Hesabu ni moja. Chukua tofauti ya upana kwa inchi, zidisha kwa 25.4, gawanya kwa 2. Hiyo ndiyo nyongeza ya kila upande kutokana na upana. Kisha chukua tofauti ya ET: ikiwa ET mpya ni ndogo, ongeza tofauti hiyo upande wa nje na uitoe upande wa ndani. Ikiwa ET mpya ni kubwa, fanya kinyume.

Muuzaji anakupa 15x7 ET 35. Upana umeongezeka inchi 1.5, yaani milimita 38.1, nusu yake ni 19. ET imepungua 10. Nje: 19 na 10 ni 29. Ndani: 19 toa 10 ni 9. Una nafasi ya 27 nje, na rimu hii inataka 29. Tairi litatokeza nje ya fenda, na hiyo ni gari likiwa tupu, limesimama.

Sasa jaribu 15x6.5 ET 38. Upana umeongezeka inchi 1, nusu ni 12.7. ET imepungua 7. Nje: karibu 20. Ndani: karibu 6. Unabakiwa na 7 nje na 14 ndani. Hiyo ni rimu ya kununua. Hesabu hii ni ya rimu, lakini tairi la upana wa milimita 195 kwenye rimu ya 6.5 hutanuka karibu kiasi hicho hicho kulinganisha na 175 kwenye 5.5, kwa hiyo inatosha kwa kupanga.

Kwa shokabsoba la aina ya Corolla, ambalo hupanda na kushuka pamoja na gurudumu, nafasi ya milimita 5 kwa ndani inatosha, maana umbali ule haubadiliki sana gari likiruka. Fenda ni habari nyingine, kwa kuwa gurudumu hupanda na fenda hubaki. Na ukiongeza upana bila kupunguza ET, nusu nzima ya nyongeza inaingia ndani, ndipo kikombe cha springi kinapoguswa.

Hatua ya tano: sokoni

Nenda asubuhi, wakati muuzaji ana subira. Beba tepu, rula ndefu iliyonyooka kabisa au kipande cha mbao kilichorandwa, venia (kipimo cha milimita chenye taya) kama unayo, na ile karatasi yako.

Idadi ya matundu na mduara wake ndiyo kitu cha kwanza, maana hapo hakuna kubembeleza. Corolla 100 na 110 ni 4x100, yaani matundu manne kwenye mduara wa kipenyo cha milimita 100. Sunny B14 vilevile. Corolla DX ni 4x114.3. Datsun 160J, gari ambalo Shekhar Mehta alishinda nalo Safari Rally mwaka 1979, ni 4x114.3 pia, na wenye Datsun za enzi hiyo wanajua jinsi rimu nzuri za mduara huo zinavyozidi kuadimika. Impreza za mwanzo ni 5x100. Mark II na Chaser ni 5x114.3. Kwa matundu manne, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linaloelekeana nalo. Kwa matano, pima kati ya yaliyo jirani: karibu milimita 58.8 ni 5x100, na karibu 67.2 ni 5x114.3. Jihadhari na 4x98 na 4x108 za magari ya Ulaya. Ile ya 98 ina tabia ya kukubali kuingia kwenye stadi za 100 ukiilazimisha, na ukishailazimisha nati hukaa upande, rimu haishiki sawasawa, na stadi hukatika.

Utakutana na rimu zilizozibwa matundu kwa kuchomelewa na kutobolewa upya. Ziache hapo hapo, hata zikiwa bei ya bure. Sehemu ile inabeba gari zima, na aluminiamu ikishapashwa moto na mtu asiye na tanuri la kuirudishia ugumu wake, nguvu yake haipo tena.

Kama ET haionekani, ipime. Laza rimu kifudifudi, uso wa mbele chini juu ya katoni, na uweke rula ndefu kuvuka ukingo wa nyuma. Kutoka kwenye rula pima kwenda chini hadi kwenye uso unaokaa kwenye habu. Andika. Kisha pima upana wote wa rimu kutoka ukingo hadi ukingo, ugawanye kwa mbili. Toa nusu hiyo kwenye kipimo cha kwanza. Jibu ni ET. Mfano: kutoka kwenye rula hadi uso wa habu umepata milimita 133, na upana wote ni milimita 190. Nusu ni 95. ET ni 38. Usishangae kwamba rimu ya inchi 6.5, ambayo ni milimita 165, imepimwa 190. Inchi zinazochongwa ni za pale tairi linapokalia, na kingo mbili huongeza karibu inchi moja nzima. Ukichanganya vipimo hivi viwili utakosea ET kwa milimita 12, na hiyo ndiyo tofauti kati ya rimu inayofaa na isiyofaa.

Sasa zikague kama mtu anayenunua ng'ombe. Rimu zilizotumika hapa nyingi zimeshapiga mashimo. Zungusha kila moja, pitisha kidole ukingo wa ndani, ule ambao haukuonyeshwa. Rangi mpya nyuma ya rimu ni ya kutilia shaka, kwa sababu hakuna anayepaka nyuma kwa ajili ya urembo. Tafuta mstari wa kuchomelewa chini ya rangi na nyufa nyembamba pale mikono ya rimu inapokutana na pipa, lile duara linalobeba tairi. Omba zipandishwe kwenye mashine ya balansi kabla ya kulipa. Rimu iliyopinda itaonekana ikicheza, na muuzaji mwaminifu hatakataa. Ukingo uliobonyea kidogo hunyooka, ufa sikubali.

Rimu za Japani huwa na alama ya ubora ya JWL, na nyingine VIA pia, na nyingi huandikwa mzigo wa juu kwa kilo. Nakala za bei nafuu nazo zinaweza kuchongwa JWL, kwa hiyo alama peke yake haimalizi mambo. Pima uzito kwa mikono, linganisha na jirani yake, angalia umaliziaji wa matundu ya nati.

Hatua ya sita: tundu la katikati na nati

Habu ya Corolla hizi ina kipenyo cha milimita 54.1. Rimu za kununua pembeni hutengenezwa na tundu kubwa ili zifae magari mengi, mara nyingi 67.1 au 73.1. Nafasi inayobaki hujazwa na ringi ya habu, ya plastiki ngumu au aluminiamu. Wengi hudhani ringi ndiyo inayobeba gari. Gari hubebwa na msuguano kati ya rimu na habu, unaoletwa na nati zilizokazwa. Kazi ya ringi ni kuweka rimu katikati kabisa unapofunga. Bila hiyo, gari litatetemeka usukani ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa, utarudi kufanya balansi mara tatu, na tatizo halikuwa balansi. Rimu za Honda za 56.1 kwenye habu ya 54.1 zinataka ringi nyembamba ya milimita moja. Ukiikosa dukani, usikate tamaa. Fundi wa kukereza chuma Kariobangi Light Industries atakutengenezea akipewa vipimo vya venia.

Ikiwa tundu la rimu ni dogo kuliko habu, haikai, na asikuambie mtu kwamba nati zitaivuta.

Nati ndizo zinazoharibu magari mengi kimyakimya. Toyota, Honda, Mitsubishi na Mazda za enzi hizi hutumia hesi ya 12x1.5 (unene wa stadi na nafasi kati ya meno yake, kwa milimita). Nissan na Subaru ni 12x1.25. Kwa macho zinafanana, na kijana mwenye bunduki ya upepo atazilazimisha zote zikaingia. Ingiza kila nati kwa vidole, angalau mizunguko mitatu, bila spana. Ikikataa, si yake. Angalia pia kitako: rimu za pembeni hutaka nati ya koni, rimu za Toyota za kiwandani za aluminiamu hutaka nati yenye washa bapa, na za Honda za kiwandani hutaka kitako cha mviringo. Nati ya koni kwenye kitako cha mviringo hugusa duara jembamba tu, na italegea.

Hesabu mizunguko hadi nati ikae. Kwa 12x1.5 nataka angalau 8, kwa 12x1.25 karibu 10. Pungufu ya hapo, badilisha stadi ziwe ndefu. Stadi za kusukumwa kutoka nyuma ya habu hupatikana, na kwa gari la zamani ni gharama ndogo iliyo na maana kubwa.

Spesa za gurudumu, zile sahani zinazowekwa kati ya habu na rimu, zinastahili neno hapa. Ya milimita 3 au 5 inaweza kuokoa rimu ambayo ingegusa kalipa ya breki, ila tu mizunguko ya nati isipungue ile niliyotaja. Nene za 20 na zaidi, zenye stadi zake na tundu la katikati linalolingana na habu, ni kitu halali. Zile bapa za kati, za milimita 10 au 12, zinazoshikwa na stadi fupi za kiwandani, sizifungi kwenye gari la mtu yeyote. Kumbuka pia kila milimita ya spesa hutolewa kwenye ET: rimu ya ET 45 ikipewa spesa ya 10 imekuwa ET 35, na hesabu inaanza upya.

Hatua ya saba: tairi

Kipenyo cha nje kisipishane na cha zamani kwa zaidi ya asilimia 2 au 3. 175/65R14 ina kipenyo cha karibu milimita 583. 195/50R15 ni 576, 185/55R15 ni karibu 585, 195/55R15 ni karibu 596. Kwa Nairobi ningechagua 195/55R15 kama nafasi inaruhusu, kwa sababu ubavu mrefu huokoa rimu kwenye mashimo. Inchi 17 kwenye Corolla 110 ni kununua rimu kila mvua ya masika. Soma tarehe ya tairi, tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hatua ya nane: jaribu mbili kwanza

Kubaliana na muuzaji kwamba utajaribu moja mbele na moja nyuma, zikiwa na tairi, kabla ya kulipa seti nzima. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Kutu ya miaka mingi huinua rimu upande mmoja.

Bandika vipande vya udongo wa kuchezea watoto kwenye kalipa, funga rimu kwa nati mbili, izungushe kwa mkono, kisha itoe. Udongo utakuonyesha unene uliobaki. Milimita 3 kati ya kalipa na rimu inatosha. Rimu ya inchi 15 ikigusa kalipa, mara nyingi si kipenyo, ni umbo la mikono yake.

Shusha gari, lisukume mbele na nyuma, kata usukani pande zote. Halafu lipakie. Watu wanne wazima, na gunia la viazi kwenye buti, kama gari litakavyokuwa likielekea ushago Desemba. Pima tena ile nafasi ya nje nyuma, maana nyuma ndiko mzigo hushukia. Endesha polepole juu ya tuta kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Likigusa sasa, rudisha rimu. Usikubali fundi akuambie atakunja ukingo wa fenda kwa nyundo. Rangi ya zamani itapasuka pale pale, na kutu itaanzia hapo mvua ya kwanza.

Hatua ya tisa: kufunga

Ringi ya habu iingie kikamilifu. Nati zote kwa vidole. Gurudumu likiwa bado hewani, zikaze kiasi kwa mkono, kwa kuvuka: moja, kisha inayoelekeana nayo. Shusha gari hadi tairi liguse, ndipo umalizie kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kwa Corolla ni Nm 103. Magari mengine soma kitabu chake. Usiweke grisi kwenye hesi, kwa sababu nati yenye grisi hukaza stadi zaidi ya spana inavyosema. Usimwachie kijana wa bunduki ya upepo amalizie, hata akiwa na haraka na foleni ndefu nyuma yako.

Ukifunga nati za kufuli, moja kwa kila gurudumu, ufunguo wake ukae ndani ya gari. Na jaribu tairi la akiba: kama ni rimu ya chuma ya zamani, inahitaji nati zake, kwa hiyo beba zile za zamani kwenye mfuko pamoja na jeki.

Fanya alainimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, baada ya rimu mpya. Mwambie fundi umebadilisha ET. Kisha iarifu kampuni ya bima kwa maandishi, uiambatishie risiti na picha, maana siku ya ajali au wizi wataangalia gari walilolijua. Na kama gari linakaribia kupelekwa ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, Likoni Road, hakikisha hakuna tairi linalotokeza nje ya fenda.

Kilomita 50 za kwanza ziwe za mjini. Ukirudi, rimu zikiwa zimepoa, pita kila nati kwa spana ya toki tena. Kulegea kidogo mara hii ya kwanza ni kawaida, kwa sababu rangi ya matundu hujibana. Pita tena kwenye kilomita 100. Nati ile ile ikilegea mara ya pili, toa gurudumu uangalie kitako cha tundu, hesi ya stadi na uso wa habu kabla gari halijarudi barabarani.